Pini Mdomoni

Katika ukoo wetu mtu akiogopa hucheka. Sisemi kutabasamu. Nasema kucheka, meno nje, mabega yanaruka, machozi yanatoka, na kadiri unavyomwambia anyamaze ndivyo anavyozidi. Ugonjwa huu tuliupata kwa baba. Mama alikuwa mzima kabisa, na kwa sababu alikuwa mzima hakutuelewa hata siku moja. Mimi na kaka yangu tulichapwa mara mbili kwa kila kosa: kwanza kwa kosa lenyewe, halafu kwa kumcheka mama. Tungemwelezaje? Ukishaanza kucheka huna nafasi ya kueleza kitu.

Kaka alipofariki aliniachia binti yake, ambaye mama yake alikuwa ametangulia zamani. Siku ya mazishi mimi na yule mtoto tulishikana mikono kando ya kaburi, tukacheka. Mpaka leo wapo ndugu wa damu wanaovuka barabara wakiniona. Wanasema shangazi mtu alikuwa anafurahia. Sikufurahia chochote. Nilikuwa naangalia udongo unaingia na nawaza kwamba kuanzia leo huyu mtoto hana mwingine ila mimi, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kazi na kingine cha kulala, na hofu ile ilinishika mbavu.

Kwa hiyo mchana ule binti aliposimama mlangoni na begi lake la shule, amekenua mpaka magego yanaonekana, sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa napiga pasi marinda ya sketi za shule, maana nusu ya wasichana wa shule ile wanavaa sketi zilizopita chini ya sindano yangu. Niliiweka pasi kando kabla sijaunguza mali ya watu.

"Umefanya nini?"

"Wamenirudisha," akasema, mabega yakianza. "Wamesema keshokutwa nije na mzazi. Nakaa mbele ya kamati ya nidhamu."

"Kaa chini. Pumua. Ukimaliza nieleze."

Alimaliza baada ya muda, akaeleza. Asubuhi, kwenye mstari, aligeuka nyuma kumwambia mwenzake jambo. Huyu binti ana mdomo, sitamtetea kwa hilo. Mwalimu wa nidhamu akamwona, akamwita mbele ya shule nzima, akaanza kumuuliza ni nani kamruhusu kuongea. Sasa yule mwalimu ana kigugumizi. Siku zote anazungumza vizuri tu, lakini akipandwa na hasira neno linamkwama kooni. Likamkwama. Na pale pale, mbele ya shule nzima iliyosimama kimya, binti yetu akaangua kicheko. Shule nzima ikamfuata.

"Ulimcheka kigugumizi chake?" nikauliza, na nilimkata jicho ambalo hata mimi lingenitisha.

"Haki ya Mungu, shangazi, hata sikukisikia! Nilimwona tu amekunja uso, nikajua nimekwisha."

Nilimwamini. Ningekosaje kumwamini na mimi ndiye niliyewahi kumcheka daktari aliyenishikia sindano? Lakini yule mwalimu haikuwa mara yake ya kwanza. Alishamkaripia getini, akachekwa. Akamwita ofisini, akachekwa. Sasa alikuwa amechekwa mbele ya watoto wote, na kwa jinsi alivyoona yeye, kuna msichana mmoja aliyeamua kukifanya kilema chake kuwa mchezo. Alitaka afukuzwe. Binti alikuwa mwaka wa mwisho, mtihani uko mlangoni, na hakuna shule inayompokea mtoto wa mwaka wa mwisho aliyetupwa na shule nyingine kwa dharau. Akifukuzwa, hakuna mtihani. Miaka yote ile ya kuamka alfajiri ingekuwa imekwenda na maji.

Kwenye ukuta wa shule ile wameandika kanuni zao kwa rangi ya bluu, na mojawapo inasema mwanafunzi aliyekosa ataonyesha majuto. Nimeisoma mara nyingi nikipeleka sketi. Ningependa kukutana na aliyeiandika nimuulize majuto yanaonekanaje. Yana rangi gani? Mbona ya kaka yangu yalikuwa na meno?

"Si uende ukawaeleze," alisema Babu Gundi, "kwamba ni ugonjwa wa familia."

Babu Gundi ni fundi viatu. Tunagawana baraza moja, na ananuka gundi tangu kichwa hadi kidole, ndiyo maana watoto wakambatiza hivyo. Hana ubaya, ila kila jambo kwake ni rahisi.

"Ndugu zangu niliozaliwa nao hawakuukubali huo ugonjwa," nikamwambia. "Utakubaliwa na walimu? Wataniona nawatania na mimi."

"Basi mfundishe asicheke."

Hilo nililiona la maana. Jioni ile nikafunga kazi mapema, tukapanga viti. Babu Gundi akavaa miwani yangu akawa mkuu wa shule. Mimi nikawa mwalimu wa nidhamu. Binti akasimama katikati, mikono nyuma.

"Wewe binti," Babu Gundi akaanza, amebana pua sijui kwa nini, "umeletwa hapa kwa makosa mazito. Una nini cha kusema?"

Binti alijikaza kisabuni. Akauma midomo, akatazama dari. Mimi nikampigia kelele: "Jibu! Unajua unaweza kufukuzwa?" Akavunjika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, na Babu Gundi naye akacheka kwa sababu yeye hucheka akifurahi, kama watu wengine.

Tukarudia. Akaanguka tena. Tulijaribu kujifinya, tukajaribu kuhesabu, tukajaribu kukanyaga kidole cha mguu kwa mguu mwingine. Wapi! Mwishowe nilikata tamaa nikarudi kwenye kazi, nikaanza kupachika pindo la sketi, pini zangu nimezibana mdomoni kama kawaida. Binti akawa ananitazama.

"Shangazi," akasema, "wewe ukiwa na pini mdomoni hujawahi kucheka."

Nikazitoa. "Nitacheka vipi? Nitazimeza."

"Hata siku ile mwenye nyumba alipokuja kututishia kututoa. Ulikuwa unapima nguo. Hukucheka."

Nilifikiri, nikaona ni kweli. Mwili wangu unajua kwamba kukiwa na pini mdomoni hakuna mchezo. Midomo inajifunga yenyewe, koo linatulia. Nikampa pini azibane, Babu Gundi akavaa tena miwani, nikamfokea mpaka sauti ikanikauka. Binti alisimama kimya, macho makavu. Halafu nikazitoa nikamwambia afikirie tu kwamba zipo. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alicheka kidogo. Kufikia jioni ya siku ya pili ningeweza kumwambia nyumba inaungua na asingetikisika.

"Keshokutwa" yetu ikafika ikawa leo. Nilivaa gauni langu la kutokea, nikampigia pasi sketi yake mpaka rinda linakata, tukaenda. Njiani nilimwambia jambo moja tu: "Pini."

"Pini," akajibu.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani kilichofifia katikati, feni isiyozunguka, na kabati la vikombe vya michezo ambavyo mtu alikuwa amevisugua hivi karibuni. Mkuu wa shule alikaa katikati, mama mnene mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Walimu wengine wawili walikaa kulia kwake. Kushoto, peke yake, alikaa mwalimu wa nidhamu.

Nilikuwa nimemjengea kichwani jitu. Nikakuta kijana mwembamba, msafi, mwenye shati ambalo kola yake imegeuzwa. Fundi huliona jambo hilo haraka: kola ikichakaa upande mmoja unaifumua, unaigeuza, shati linarudi ujana. Imegeuzwa kwa mkono, kwa mishono midogo yenye subira. Nilijaribu kuendelea kumchukia, lakini kola ile ilinipa tabu.

Alisimama kueleza shauri lake. Alianza vizuri. Alisema kwamba hana chuki na mtoto, kwamba shule isiyo na heshima ni soko, na kwamba amevumilia. Kisha akafika kwenye siku ile ya mstari, na nikaona shingo yake inakakamaa.

"Mbele ya shule nzima, alini... alini..."

"Alikudharau," akamalizia mkuu wa shule.

Akameza mate, akaendelea. Mbele kidogo akakwama tena, na tena yule mama akamchukulia neno akamkabidhi likiwa limekamilika. Alifanya kwa wema, mtu yeyote angeona. Lakini kila alipofanya hivyo, kijana yule alikunja vidole vyake juu ya meza, na neno alilopewa hakulirudia. Aliliruka tu.

Nikamtazama binti. Midomo imefungwa sawasawa, kidevu kimetulia. Pini zote zipo. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza. Nikajisemea, huyu mtoto ataokoka, kaka, tulia huko uliko.

"Kwa hiyo," mwalimu akasema, "pendekezo langu ni kwamba a... a..."

"Afukuzwe," akamalizia mkuu wa shule, na akaandika.

Nililijua neno lile. Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe mara chungu nzima pale nyumbani, nikimfokea nalo mtoto, wala halikuwa na uzito. Sasa lilikuwa limeandikwa. Niliona sare aliyovaa, nikaona siku ya mtihani wenzake wanaingia na yeye yuko barazani kwangu anaokota uzi, nikaona udongo ule wa kaburini.

Nikacheka.

Nilicheka kama mwendawazimu. Nilijaribu kuziba mdomo kwa futi kamba yangu, maana kumbe nilitoka nayo nyumbani shingoni na hakuna aliyeniambia, na kuiona tu futi ile mkononi kukanizidishia. Machozi yalinitoka. Kiti kilikuwa kinalia chini yangu. Nilimwona mkuu wa shule ameacha kuandika na kalamu iko hewani. Nikamwona mwalimu wa nidhamu, na huyo ndiye sitamsahau. Hakukasirika. Uso wake ulilegea tu, kama mtu aliyekuwa anategemea hilo tangu mwanzo.

"Sasa tu... tumejua alikokitoa kicheko," akasema taratibu.

"Mama, tafadhali," akasema mkuu wa shule, na upole wote umemwisha. "Toka nje. Kikao kimefungwa."

Nilitaka kutoka. Miguu haikunitii. Nilitaka kusema neno moja tu, samahani, na kila nilipofungua mdomo kilitoka kicheko. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mtoto wa kaka yangu, na nimemzamisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapo ndipo binti alipopiga hatua mbele. Mwanafunzi haruhusiwi kusema kwenye kamati mpaka aulizwe, na hakuwa ameulizwa.

"Naombeni msimtoe shangazi," akasema. "Anaogopa."

"Anaogopa?" mkuu wa shule akauliza.

"Ndivyo anavyoogopa. Na mimi pia. Hata baba alikuwa hivyo. Siku tuliyomzika baba tulicheka mimi na yeye mpaka watu wakatutenga, na hatujawahi kuumia kuliko siku ile." Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini hakucheka. "Leo sijacheka kwa sababu tumefanya mazoezi. Yeye ni fundi, hubana pini mdomoni, na mtu hawezi kucheka na pini mdomoni. Alinifundisha nifikirie ninazo. Amenifundisha mimi, za kwake amezisahau."

Mmoja wa wale walimu wawili akakohoa ndani ya ngumi. Kicheko changu kilikuwa kimeanza kufa, kinatoka kwa vipande vipande, na nilikiona chumba vizuri tena.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa anamtazama binti.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "hu... hu... hu..."

Mkuu wa shule akafungua mdomo. Lakini binti hakumtazama yeye. Macho yake yalibaki kwa mwalimu, ametulia, hana haraka, kama ninavyomwona akingoja nimalize kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mkuu wa shule akamwona anavyongoja, akaufunga mdomo wake. Basi sote tukangoja. Lilichukua muda. Kijana yule alihangaika nalo, shingo imemtoka mishipa, na chumba kizima kikabaki kimya kikimpisha.

"Hukuwa unanicheka mimi?"

Lilitoka zima, lake mwenyewe.

"Hapana, Mwalimu. Ukinikaripia hata sisikii maneno yako. Nasikia moyo wangu tu."

Akakaa. Alipapasa kola yake ile iliyogeuzwa, akatazama mezani.

"Nilipokuwa na umri wako," akasema, na sasa alikuwa hasemi na kamati, anasema na binti, "nilitolewa darasani kwa u... kwa ukaidi. Niliulizwa swali, sikujibu. Nilichapwa, nikapigishwa magoti juani. Na jibu nilikuwa nalijua." Alikwama mara nyingine hapo katikati, na hakuna aliyemsaidia. "Nilikuwa nalijua tangu swali halijaisha."

Mkuu wa shule akaweka kalamu chini. Nadhani alikuwa anakumbuka maneno yote aliyomnyang'anya kijana wa watu kwa miaka sijui mingapi.

Binti hakufukuzwa. Msidhani aliachiwa hivi hivi, maana yule mwalimu hana mchezo na kazi yake. Alisema kosa la dharau halipo, lakini kosa la kuongea kwenye mstari lipo pale pale, na kwa hilo atafagia uwanja wa mstari kila asubuhi kwa wiki nzima kabla wenzake hawajafika. Nilimshukuru. Hiyo ni adhabu ninayoielewa: kosa moja, adhabu moja.

Babu Gundi alipopata habari alitaka tumsimulie kicheko changu tangu mwanzo, kisha turudie. Mpaka leo akipita na viatu vyake hunibania pua na kuniambia, "Mama, tafadhali toka nje." Nampa vidonge vyake, anakwenda zake.

Mambo yakatulia. Mimi bado nilikuwa na tumbo joto kila binti akichelewa kurudi, maana namjua, na mdomo wake naujua. Na kweli haukupita muda mrefu, jioni moja akaingia, akatupa begi, akakaa kwenye stuli karibu na cherehani. Nilikuwa napachika rinda na pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo nilimuuliza kwa nyusi.

"Nimeongea tena kwenye mstari," akasema.

Nyusi zangu zikapanda mpaka juu.

"Mwalimu wa nidhamu akaniita mbele. Nikajaribu pini, zikakataa. Nikacheka, shangazi. Mbele ya wote. Na shule nzima ikanyamaza kutazama atafanya nini."

Niliacha kupachika.

"Hakufanya kitu. Alikunja mikono, akasimama. Akaniuliza, 'Umemaliza?' Nikamwambia bado kidogo, Mwalimu. Akasema haya. Akaendelea kusimama. Nilipomaliza kabisa ndipo akaanza kunigombeza, akanigombeza vizuri, mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kesho nafagia." Akachezea ncha ya futi yangu. "Lakini alinisubiri, shangazi. Alinisubiri nimalize."

Nilimkumbuka kaka yangu akiwa mdogo, amejikunyata pembeni mwa jiko, anacheka na fimbo inamshukia, na mama yetu, ambaye alitupenda jamani, hakutuchukia, akipaza sauti kuuliza tunachekea nini. Kumbe tulichohitaji kilikuwa kidogo namna hii, na kaka amekwenda hajakipata.

Nikazitoa pini mdomoni, moja moja, nisije nikazimeza, nikalia.